Arobaini ya mtoto: sherehe, rasheni na safari ya kliniki



Vikundi vingi vya akina mama huanza na jambo dogo tu. Mmoja wao amejifungua, wenzake wanachanga unga, sukari, sabuni na kuni, wanaenda kumwona. Wakirudi njiani mmoja anasema, "Mbona tusiendelee hivi?" Ndipo wanamchagua mweka hazina na kununua daftari. Kwa hiyo leo tutaacha kuku na mizinga ya nyuki, tumzungumzie yule mama aliyejifungua, siku zake arobaini, na sherehe inayozifunga siku hizo. Nimechukua mfano wa Dagahaley kwa sababu huko desturi hii bado ina nguvu. Tena uhaba wa huko unatuonyesha wazi ni kitu gani katika sherehe kinamsaidia mtoto, na ni kitu gani kinamnyang'anya chakula.

Kwa wasiopajua: Dagahaley ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, upande wa mpaka wa Somalia. Jina ni la Kisomali, maana yake mahali penye mawe, ingawa mgeni akifika anakutana na mchanga zaidi kuliko mawe. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, watu walivuka mpaka kwa wingi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huo, na Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Zote tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Wakati wa ukame na njaa ya mwaka 2011 Dadaab ilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Hebu hesabuni: mtoto aliyezaliwa Dagahaley ilipofunguliwa sasa amepita miaka thelathini, naye ana watoto wake. Kuna nyumba ambazo bibi alivuka mpaka akiwa msichana, mama amezaliwa kambini, na mjukuu amezaliwa kambini. Tukisikia neno "kambi" tunafikiri ni watu wanaongojea gari. Sivyo. Watu huoa, huzaa, huwapeleka watoto madrasa asubuhi na vibao vyao vya kuandikia, huwatuma maji, huwakaripia wakicheza na magari ya mikebe katikati ya njia. Na mtoto akizaliwa, hufurahi kama ninyi.

Siku za ndani

Katika desturi ya Wasomali, mama aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hachoti maji, haendi sokoni. Mama yake mzazi au dada zake huja kumwangalia, na jirani huwachukua watoto wakubwa mchana. Humpikia supu ya nyama ikipatikana, uji, na maziwa ya ngamia. Asubuhi na jioni huwasha chetezo cha ubani na manemane, kwa kuwa wanasema harufu za kawaida za dunia zinaweza kumdhuru mtoto mchanga. Wengine humfunga mtoto uzi wenye kipande cha manemane mkononi ili kuzuia kijicho. Miti ya ubani na manemane huota katika nchi za Wasomali tangu zamani. Sisi tunaoimba kila Krismasi juu ya zawadi za wale mamajusi, ni vizuri tujue kwamba zawadi mbili kati ya zile tatu ni vitu ambavyo mama wa Dagahaley huvinunua sokoni kwa kifurushi kidogo.

Siku ya arobaini ikifika, mama hutoka. Wasomali huiita siku hiyo *afartanbax*, yaani kutoka arobaini. Anaoga, anavaa vizuri, anambeba mtoto, na wanawake wanamsindikiza mpaka nyumba ya ndugu au rafiki. Huko kuna chai, halwa, chakula na nyimbo. Hiyo huwa safari ya kwanza ya mtoto nje ya nyumba alimozaliwa.

Kuna watu wakisikia haya husema ni mambo ya Wasomali au ya Waislamu tu. Si kweli. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, mzazi naye huwa na arobaini yake, na uji wa pilipili manga, na kukandwa kwa maji moto. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia humbatiza mtoto wa kiume siku ya arobaini na wa kike siku ya themanini. Na sisi Wakatoliki je? Someni Kitabu cha Walawi sura ya 12: siku saba, kisha thelathini na tatu. Ndiyo arobaini hiyo. Ndiyo maana Kanisa huadhimisha Kutolewa Bwana Hekaluni tarehe 2 Februari. Hesabuni kuanzia Krismasi, mtaona. Maria naye alikuwa na arobaini yake, na siku hiyo ilipofika alitoka na mtoto. Hata sadaka yake ilikuwa ile ya watu wasio na uwezo, ndege wawili badala ya mwana-kondoo. Neno hili la ndege wawili tutalihitaji tena tukifika kwenye mbuzi.

Basi, tusiidharau arobaini. Karibu nusu ya watoto wote duniani wanaokufa kabla ya miaka mitano hufa katika siku 28 za kwanza. Mama naye, hatari yake kubwa ni wakati wa kujifungua na siku chache zinazofuata. Mama anayepumzika, anayelishwa, aliye karibu na mtoto mchana na usiku, maziwa yake hutoka vizuri, na mtoto hushika titi mapema. Mimi nimeona mahali pengine, huku kwetu bara, mama wa siku ya nne anarudi na kuni mgongoni, na hakuna mtu anayeona ajabu. Katika jambo hili Dagahaley wametushinda.

Lakini arobaini si kifungo

Hapa naomba mkae vizuri mnisikilize. Kukaa ndani ni kwa ajili ya kupumzika. Mama akiugua, arobaini imevunjika hapo hapo, na hakuna dini inayosema vinginevyo. Mkubaliane ndani ya kikundi kwamba dalili zifuatazo hazingoji siku ya kutoka, hazingoji asubuhi, na wala hazingoji baba arudi safari.

Kwa mama: damu nyingi inayolowesha nguo baada ya nguo, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, au degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, mwili kuwa moto au kuwa baridi sana, kupumua mbio, macho na nyayo kuwa manjano, kitovu kutoa usaha, kukakamaa. Dagahaley kuna hospitali yenye huduma ya uzazi, ambayo kwa miaka mingi imeendeshwa na shirika la Médecins Sans Frontières. Huku vijijini Garissa, Wajir na Mandera, safari inaweza kuwa ya siku nzima. Kwa hiyo swali la kikundi ni hili: usiku wa manane, mama akianza kutokwa damu, ni gari la nani, ni nani atampigia simu dereva, na nani atabaki na watoto? Jibu liwepo kabla, na majina yaandikwe kwenye daftari.

Mambo mengine madogo ya ndani ya nyumba. Chetezo kiwekwe mbali na mtoto, mlango ukiwa wazi. Ubani si adui, lakini moshi ndani ya kibanda cha turubai au cha mabati unasonga kifua kidogo kama kile. Kitovu kiachwe safi na kikavu. Kama bibi anataka kupaka manemane au samli, kwanza amuulize muuguzi. Na yale maziwa ya kwanza, ya manjano, mazito, mtoto apewe. Yapo mazoea ya kumpa mtoto maji ya sukari siku za mwanzo, au maziwa ya mbuzi na ngamia, kwa kuwa watu hudhani mama "bado hana maziwa". Mtoto mchanga ana tumbo dogo kuliko ngumi yake. Maziwa hayo machache yanamtosha, na ndiyo kinga yake. Maziwa ya ngamia ampe mama. Mama anywe, mtoto anyonye kwa mama. Mpaka miezi sita mtoto hahitaji kitu kingine, hata maji, hata katika joto la Dadaab. Najua hapo mtabishana. Bisheni, lakini mwiteni muuguzi wakati mkibishana.

Jina

Jina la mtoto hutolewa kwa sherehe. Waislamu wengi huchinja siku ya saba: kwa mtoto wa kike mbuzi mmoja, kwa wa kiume wawili, kwa mwenye uwezo. Kwa Kiswahili tunasema akika. Nyumba nyingine za Kisomali hungoja, zikaiunganisha na siku ya arobaini ili karamu iwe moja. Mtoto hupata jina lake, kisha hufuata la baba, kisha la babu, na msichana akiolewa habadilishi. Zamani watu waliandika habari za siku ile ndani ya jina. Rooble ni mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua. Warsame ni mwenye habari njema. Geedi alizaliwa safarini. Ukikaa na wazee wa Dagahaley wakihesabu majina ya wajukuu, ni kama unasoma kalenda ya mvua, ya misafara na ya kuhama.

Na kitu kingine kinachonifurahisha. Mama Msomali huitwa na mtoto wake *hooyo*, yaani mama. Naye akimbembeleza mtoto, humwita mtoto huyo huyo *hooyo*. Baba vile vile, *aabo* kwa *aabo*. Mgeni husikia mtu mzima akimwita mtoto wa miaka miwili "mama" na kushangaa. Lakini hata sisi si tunawaita mabinti zetu "mama"? Basi ni hayo hayo.

Mbuzi na kadi ya rasheni

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndiyo inayovunja nyumba.

Familia nyingi za Dagahaley huishi kwa mgao wa Mpango wa Chakula Duniani. Mgao huo umekatwa mara nyingi, na mwaka 2025 ulikatwa vikali kwa sababu wafadhili walipunguza fedha. Mwenye ndugu ng'ambo hutumiwa kidogo, mwenye kibanda huuza, wengine hubeba mizigo kwa mkokoteni wa punda. Wengine hawana lolote zaidi ya rasheni. Ndipo mtoto anazaliwa, na watu wanatazama: je, kutachinjwa?

Kinachotokea mara nyingi ni kukopa dukani. Mwenye duka naye hutaka dhamana, na dhamana ambayo kila familia inayo ni kadi ya rasheni. Kadi inabaki dukani. Karamu inafanyika, watu wanakula, wanaomba dua, wanaondoka. Mwezi unaofuata mgao ukifika, mwenye duka anachukua kwanza deni lake, na mama anayenyonyesha anabaki na nusu ya unga. Hapo mnaona hasara inavyokwenda: mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya mtoto anakula chakula cha mtoto, kwa kupitia kwa mama yake.

Mimi si mwalimu wa dini ya Kiislamu na sitaki kuwafundisha watu dini yao. Waulizeni masheikh wenu. Wale niliowauliza hujibu kwa neno moja: akika ni sunna kwa mwenye uwezo, si deni, asiye na uwezo hana dhambi. Na kwa Wakristo tumeshawaona wale ndege wawili. Kwa hiyo anayeilazimisha familia ichinje kwa mkopo hawezi kusema ametumwa na dini. Ametumwa na macho ya watu. Mimi sisemi sherehe zikomeshwe. Mtaalamu anayewaambia maskini waache kufurahi simwamini. Nasema chai, halwa kidogo, sahani ya wali, nyimbo na dua vinatosha kumtoa mtoto nje, na kama kuna nyama, sufuria ya mama itolewe kwanza kabla ya sinia za wageni.

Arobaini na mbili

Hapa ndipo penye jambo ambalo hasa lilinifanya niandike. Wizara ya Afya ya Kenya ina ratiba ya chanjo. Mtoto akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Baada ya hapo anarudi akiwa na wiki sita. Wiki sita ni siku ngapi? Ni 42. Yaani arobaini ikiisha leo, kliniki ni keshokutwa.

Siku hiyo ya wiki sita mtoto hupata kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, polio, nimonia, na kuhara kwa aina moja kali. Zinarudiwa wiki ya kumi na ya kumi na nne. Surua ni miezi tisa, na tena miezi kumi na minane. Mama naye siku hiyo ya wiki sita hupimwa: damu, presha, kidonda kama alishonwa. Kwa hiyo desturi na kliniki zimefika mlango mmoja karibu siku moja, na hakuna aliyezipangia. Ni bahati ya kutumiwa. Lakini nini hutokea? Karamu inafanyika, mama anachoka, wageni wanalala, kisha "tutaenda wiki ijayo". Wiki ijayo kuna foleni ya rasheni. Mtoto anafikisha miezi minne bila chanjo ya pili.

Wa Dadaab wanajua gharama yake. Mwaka 2013 polio, ambayo watu walidhani imekwisha, iliingia tena Pembe ya Afrika. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kenya mwaka huo alikuwa mtoto wa kike wa miezi minne, huko huko Dadaab. Kabla mwaka haujaisha, Kenya ilikuwa na wagonjwa 14, na Somalia zaidi ya 190. Chanjo zilipelekwa nyumba kwa nyumba, mara nyingi, mpaka ikazimika. Mguu uliopooza haurudi.

Njia ni rahisi. Kikundi kinapopanga siku ya kutoka, kipange na siku ya kliniki papo hapo. Wale wale wanawake wanaomsindikiza mama kwenda nyumba ya shangwe, wawili kati yao wamsindikize kliniki. Au mwanzeni kabisa na kliniki: mama anatoka ndani, anapita kliniki na kitabu chake, kisha anaingia karamuni. Siku mbili tatu za kungoja hazivunji desturi. Ikiwa mtoto amechelewa, aende hata hivyo, muuguzi atamwanzishia. Na zile chanjo za siku ya kuzaliwa, kama alizaliwa nyumbani, zisingoje arobaini. Mwambieni muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji mapema.

Karatasi

Wakimbizi wengi wa Kisomali wameandikiwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari. Mnajua kwa nini? Walipofika kuandikishwa waliulizwa siku ya kuzaliwa, wakasema, "Wakati wa mvua, mwaka wa ukame ule." Karani hawezi kuandika mvua. Akaandika 1 Januari. Wasomali wa zamani hawakuwa na sherehe ya kila mwaka ya siku ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe haikuwa na kazi. Sasa ina kazi. Shule huuliza cheti. Na kwa sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 hakuna anayeolewa kabla ya miaka 18, lakini msichana asiye na karatasi, nani atathibitisha kwamba ana kumi na minne?

Mtoto akizaliwa hospitalini, mama apewe arifa ya kuzaliwa kabla hajatoka. Akizaliwa nyumbani kijijini, naibu wa chifu ndiye wa kuandika. Katika miezi sita ya kwanza uandikishaji ni wa kawaida. Ikipita, inakuwa uandikishaji wa kuchelewa, wenye maswali na mizunguko zaidi. Kwa mkimbizi, mtoto lazima pia aongezwe kwenye orodha ya familia, maana asiyeandikwa hahesabiwi kwenye mgao. Cheti cha kuzaliwa hakimpi mtoto wa mkimbizi uraia wa Kenya. Kinasema tu alizaliwa lini, wapi, na nani. Hilo nalo si dogo. Na wenyeji wa Garissa wasijione wako salama. Wakati wa ukame, Wakenya wengi wa huku walijiandikisha kambini ili watoto wapate chakula. Miaka ilipita, watoto wakawa watu wazima, wakaenda kutafuta kitambulisho, wakaambiwa, "Ninyi ni wakimbizi." Wengi wamehangaika miaka mingi.

Kwa hiyo katika daftari la kikundi tengeni ukurasa wa watoto. Andikeni jina lote, tarehe, mahali, jina la mkunga au hospitali, na mashahidi wawili. Ukurasa huo si cheti, lakini siku mtu atakapouliza, mna kitu cha kuonyesha. Siku ya kutoa jina watu wote wapo. Ndiyo siku nzuri ya kuandika.

Wakiwa wakubwa kidogo

Sherehe haziishii arobaini. Kuna Idi mbili, na Dagahaley Idi ni ya watoto: hina mikononi mwa wasichana, nguo mpya kama imewezekana, kupita nyumba kwa nyumba kupata peremende na sarafu. Kabla ya sala ya Idi ya kufunga, kila nyumba yenye uwezo hutoa nafaka kwa maskini kwa idadi ya watu wake, hata mtoto wa jana huhesabiwa. Kuna pia furaha ya mtoto kumaliza Kurani.

Siku kama hizi zina hatari moja ambayo haisemwi: moto. Sufuria kubwa, jiko la mawe matatu, birika la chai mkekani, na watoto ishirini wanakimbia. Mtoto akiungua, mmwagilie maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika ishirini. Msipake dawa ya meno wala samli. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali. Kila karamu iwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kulinda jiko tu, na huyo apewe sahani yake kwanza asije akaondoka.

Na kwa kuwa watoto wote wamekusanyika, kikundi chenye mhudumu wa afya wa kujitolea kinaweza kuleta ule utepe wa kupimia mkono. Ni kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kijani ni sentimita 12.5 na zaidi. Manjano ni kati ya 11.5 na 12.5, mtoto huyo aangaliwe. Nyekundu ni chini ya 11.5, huyo aende siku hiyo hiyo, hata kama anacheka na amevaa nguo ya Idi. Chai, ambayo nyumba nyingine humpa mtoto kuanzia asubuhi, inaharibu damu yake. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini na inamshibisha bure.

Mfuko wa arobaini

Wanawake wa Dagahaley wana *ayuuto*. Ni merigoraundi hiyo hiyo yenu. Neno lenyewe wamelitoa kwa Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia, na kwa Kiitaliano maana yake ni msaada. Wengine huiita *hagbad*. Hakuna benki, hakuna riba. Kila mmoja anatoa, mmoja anachukua, na dhamana ni uso wa mtu mbele ya wenzake. Uzuri wake ni kwamba zamu inaweza kusogezwa. Mwenye mimba ya miezi minane anaomba zamu yake iangukie mwezi wa kujifungua, na wenzake wanakubali.

Tuchukue mfano. Wanawake 12, kila mmoja shilingi 100 kwa wiki. Zamu ni shilingi 1,200, na mzunguko unaisha baada ya wiki 12. Sasa kila mmoja aongeze shilingi 10 tu kwa wiki, ziingie sanduku la pembeni. Ni 120 kwa wiki, na mzunguko ukiisha ni 1,440. Huo ndio mfuko wa arobaini. Usinunue mbuzi. Ununue maharagwe, mafuta, maziwa na sabuni kwa ajili ya mama, kuni za siku chache, na nauli ya kliniki. Asiye na shilingi kumi atoe mtungi wa maji au saa mbili za kufua. Iandikwe kwenye daftari sawa na pesa. Fungulieni kikao mara moja mjadili nani anaweka ufunguo, kwa sababu sanduku na ufunguo havikai nyumba moja.

Mtakapoandika kanuni, wekeni mambo matatu yanayosahauliwa. Mama ambaye mtoto wake alifariki apewe mfuko huo huo, siku zote arobaini. Mwili wake umezaa kama wa wengine, na chakula anakihitaji zaidi. Mke mdogo na mke mkubwa wa mume mmoja wahesabiwe kila mmoja peke yake. Na mapacha ni mara mbili. Hilo likubaliwe sasa, kabla hawajazaliwa, maana wakishazaliwa mweka hazina ataanza kutafuta miwani.